Likelemba ya Mapumziko

Vijana wenzangu wa kituo, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyeacha kazi ndiye mwenye haja ya kujua ni saa ngapi. Nashukuru. Tumeitundika sebuleni, na mke wangu anaitumia kunionyesha kwamba ni saa nne asubuhi na mimi bado nimekalia kiti kilekile. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimegundua kwamba mzee anayeandika hatumwi sokoni.

Sitasimulia jinsi nilivyopanda cheo kutoka mjaza fishi, zile fomu zetu, hadi msimamizi wa wajaza fishi. Mshahara nao mnaujua, na nimewahi kuwasikia mkiucheka. Nitasimulia habari za wazazi, hasa wale wanaolea watoto wenye usonji, maana wao ndio walionifundisha kazi. Nitasimulia pia zile siku nilizovaa kitenge cha mwanamke mchana kweupe, hapa Goma, kwa sababu nasikia mnaisimulia habari hiyo ovyo. Mmoja wenu anasema nilivaa na kilemba. Sikuvaa kilemba.

Nilitoka Bukavu na diploma ya ukarani na suti moja. Kituo kilikuwa mtaa wa Himbi, katika nyumba ya kupanga yenye majani mazuri na ziwa mbele yake, ziwa ambalo watoto walikatazwa kulisogelea na wakubwa hawakuwa na muda wa kulitazama. Siku ya kwanza nilipewa ubao wa kuandikia, kalamu mbili za kubonyeza na fishi ya kurasa nne iliyoitwa Ubora wa Maisha ya Mzazi. Kalamu zilikwisha kabla ya saa sita, maana watoto wetu hawawezi kuona kitu kinachofanya “ka-ka” wakakiacha. Chukueni zenye kifuniko.

Fishi ile iliandikwa mbali, na watu wema ambao hawakuwahi kupanga foleni ya maji. Iliuliza kama mzazi ameridhika na bustani za mtaa wake. Mama wa kwanza niliyemhoji aliishi juu ya mawe meusi ya volkano ambapo hata kitunguu hakioti. Aliyatazama yale mawe, akanitazama mimi, akaniomba nirudie swali. Fishi iliuliza pia amekwenda likizo mara ngapi mwaka huu. Nikamweleza maana ya likizo kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nani analinda nyumba wakati huo.

Mzunguko wa kwanza wazazi wote walipata alama za chini kabisa. Msishangae. Watu wa Goma wameona mbao za kuandikia nyingi kuliko mbao za kujengea, na wanajua kwamba baada ya ubao huja turubai, sabuni na maharage. Hakuna aliyewahi kupewa turubai kwa kusema yuko salama. Baba mmoja aliniambia hajalala tangu mtoto azaliwe, na mtoto alikuwa na miaka minane. Mama mwingine aliniambia amekwisha kufa mara mbili. Fishi haikuwa na nafasi ya jibu hilo, nikaandika pembeni: mara mbili. Mkuu wa mradi alifurahi sana, akasema mahitaji ni makubwa.

Miezi sita baadaye tulirudi na fishi ileile. Safari hii uvumi ulikuwa umetutangulia kwenye avenyu: eti mzazi mwenye alama mbaya atanyang'anywa mtoto, na mtoto apelekwe Kinshasa. Wote wakapata alama za juu kabisa. Baba yule wa miaka minane sasa alikuwa analala kuku wakiingia na kuamka kengele ya misa ikilia. Yule mama aliyekufa mara mbili alikuwa anakwenda kuogelea. Mkuu wa mradi alifurahi hata zaidi, kwa kuwa tulikuwa tumewaponya wote. Mchoro ulibandikwa ukutani, mstari ukipanda kama njia ya mlima Nyiragongo, na tukanywa soda kwa ajili yake. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa kijana na soda ilikuwa baridi.

Aliyeniharibia soda ile ni Mama Godelive. Wazee wa kituo wanamkumbuka: mwanamke mfupi kutoka Masisi, mpishi wa uji na mpiga deki, asiye na diploma wala subira. Alikuwa anafuta sakafu chini ya mchoro, akaniambia niinue miguu. Kisha akasema bila kunitazama, “Papa Anselme, unaulizaka mutu maisha yake wewe umesimama, yeye mikono iko ndani ya maji. Nani atakuambia kweli vile?”

Nilikasirika wiki nzima. Wiki iliyofuata nilimfuata jikoni kumwuliza nifanyeje, naye akanipa ungo wa maharage. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mafunzo yangu. Alinifundisha kwamba ukifika kwa mama, weka ubao chini, shika kazi anayoishika yeye, ifanye nusu, ndipo uulize jambo moja. Jambo moja tu, siyo kurasa nne. Tangu siku hiyo nimechambua maharage ya mji huu kwa magunia, nimetwanga sombe ya majani ya muhogo, nimekamua nepi. Ukweli huwa unakuja ungo ukiwa nusu. Kwenye ripoti niliandika “mahojiano ya kina”.

Sasa nifike kwa Mama Josué. Alikaa upande wa Lac Vert, kwenye nyumba ya mbao karibu na barabara ya Sake. Mume wake alikwenda kutafuta kazi machimboni mtoto akiwa na miaka minne, na hadi leo anaitafuta. Josué alikuwa na miaka kumi wakati huo, mrefu, mwenye macho mazuri, asiyesema neno. Kazi yake ilikuwa kupanga mawe uani, kutoka dogo hadi kubwa, na aliifanya kwa uangalifu ambao sijauona kwenye makabati ya ofisi yetu. Alikuwa na sheria zake. Iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hali chakula, hanywi maji, wala haogi, ila kutoka kwa mtu aliyevaa kitenge cha njano chenye ndege. Mama yake alikuwa na vipande vitatu vya kitenge hicho, na kimoja kilikwisha kuwa chepesi kama karatasi. Alikuwa amekivaa kila siku kwa miaka. Wanawake wa kanisani walimsema kwamba hana nguo.

Nilikuwa ninamsaidia kuosha sahani nilipomwuliza lile jambo moja: anataka nini. Alisuuza sahani tatu. Kisha akaniambia kwamba mama yake mzazi yuko Vitshumbi, kule kwa wavuvi, anaumwa, miguu imevimba hadi haiingii viatuni. Alikuwa hajamwona miaka saba. Alijaribu mara moja kusafiri na Josué, abiria wakashindwa na kelele, dereva akawashusha katikati ya safari na mzigo wao. Sasa yule mama alikuwa ametuma ujumbe kwamba anataka kumwona akiwa bado na macho ya kuona.

“Siombi turubai, papa,” aliniambia. “Naomba siku mbili tu. Moja ya kwenda, nimuone, na moja ya kurudi.”

Nilifungua fishi kutafuta mahali pa kuandika siku mbili. Hapakuwepo.

Nilimpelekea Mama Godelive habari hiyo nikitarajia huruma. Yeye akauliza kama watu wa kwetu Bukavu hawajui likelemba. Nani asiyejua? Kila mtu mjini yuko kwenye likelemba: wote mnatoa fungu, mmoja anabeba lote, safari nyingine anabeba mwenzake, hadi duara liishe. Mama Godelive akasema basi wazazi watoe siku badala ya kutoa kitu kingine. Kila juma mmoja anapumzika, wenzake wanashika mtoto wake.

Akina mama walikubaliana kwa mchana mmoja, wakiwa wamesimama. Akina baba walitaka kwanza kamati: rais, makamu, katibu na washauri wawili. Nafasi zilikuwa tano na akina baba walikuwa wanne, kwa hiyo nikafanywa mshauri wa pili ingawa sikuwa mzazi wa kituo. Rais alikuwa Papa Grâce, dereva wa lori, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamrisha. Kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba binti yake Grâce hasemi kwa sababu ana heshima. Walipiga kura ya zamu, na Mama Josué akaangukia mwisho. Hakulalamika, na hakuna aliyefikiri kumbadilishia. Hilo nalo ni letu sote.

Hapa ndipo naungama kosa langu. Mkuu wa mradi alisema shughuli hii ni nzuri sana, lakini ushahidi uko wapi? Shughuli isiyo na orodha ya mahudhurio haijafanyika. Mimi karani wa Bukavu nikakaa usiku mmoja nikabuni Fishi ya Mahudhurio ya Waliopumzika. Mzazi atasaini saa mbili asubuhi kwamba ameanza kupumzika, saa sita kwamba anaendelea, saa kumi kwamba amemaliza. Atasaini ofisini Himbi, mbele yangu. Niliongeza safu ya “Sababu ya kuchelewa kupumzika”, na niliipenda sana safu hiyo.

Mama wa kwanza kupumzika aliishi Ndosho, mwendo mrefu kutoka Himbi. Alikuja kwa miguu asubuhi, akasaini, akarudi. Akaja saa sita, akasaini, akarudi. Saa kumi alifika ameshika viatu mkononi, akasaini, akaniuliza kama inaruhusiwa sasa kuacha kupumzika. Wa pili alikuwa na akili zaidi: alibaki uani kwetu siku nzima, kwenye benchi, mikono mapajani, akiwaambia wenzake jinsi wanavyomshika mtoto wake vibaya. Wa tatu alichelewa dakika arobaini, na kwenye safu yangu akaandika: nilikuwa nimelala. Nilimkemea.

Kisha akaja mgeni aliyetaka kuona mapumziko kwa macho yake. Tulitandika mikeka mitatu kwenye majani, tukawalaza akina mama watatu, tukawaomba wapumzike. Alipiga picha. Alimwomba mmoja apumzike akitabasamu, na mwingine ageuke ili ziwa lionekane. Watoto wao walikuwa wanapiga kelele nyuma ya nyumba, na kila mtoto akilia, mama mmoja mkekani alikaza vidole vya miguu. Picha hiyo mnaijua. Ndiyo ile ya kalenda.

Zamu ya Mama Josué ilipofika, ujumbe mwingine ulikuwa umetoka Vitshumbi, kwamba mgonjwa sasa hali ila uji mwepesi. Nikakaa na fishi yangu nikipiga hesabu ya jinsi mtu aliye Vitshumbi atakavyosaini Himbi mara tatu kwa siku. Nikapendekeza, na ninaliandika hili kwa aibu, kwamba aende na kurudi siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Mama Godelive aliweka mwiko chini. Kisha akanyoosha mkono, akachukua fishi zote, akazikunja, akawashia mbabula yake, lile jiko la makaa, na makaa yakashika vizuri. Hiyo ikawa shughuli ya kwanza ya kituo kufanyika bila karatasi.

Ikabaki shida ya kitenge. Mama Godelive alijitolea kwanza. Lakini yeye ni mfupi, ikabidi nguo ikunjwe kiunoni, na mstari mmoja wa ndege ukamezwa na mkunjo. Josué alimkagua kutoka kiunoni hadi chini, akahesabu kwa kidole, akamwaga uji. Akina mama wengine walijaribu mmoja mmoja, na mtoto akawakataa wote kwa hesabu ileile. Mama Josué ni mrefu sana. Katika likelemba nzima watu wa kimo chake walikuwa wawili, Papa Grâce na mimi.

Kamati ilikutana kwa dharura kupanga siku zake mbili. Rais alitoa hoja kwamba mshauri wa pili ashike mchana, kwa kuwa ana uzoefu wa maswali, na yeye rais atashika jioni hadi asubuhi, kwa kuwa lori lake liko gereji. Aliomba iandikwe kwamba atavaa suruali ndani. Nikaomba na mimi niandikwe hivyo.

Siku ya safari nilifika Lac Vert saa kumi na mbili asubuhi na tai yangu shingoni, maana sikujua kwenda kazini bila tai. Mama Josué alinifunga kitenge mwenyewe, akavuta hadi ndege wa mwisho wakagusa kifundo cha mguu. Alinionyesha kikombe cha kijani na jinsi ya kukiweka chini kabla ya kusema lolote. Akachukua mfuko wake wenye sukari na sabuni za mama yake, akatoka. Akarudi kuniambia habari ya kijiko. Akatoka, akarudi kuniambia kwamba upepo ukivuma nimfunike mtoto masikio. Mara ya tatu alirudi akasimama tu mlangoni. Mama Godelive alimshika mkono akampeleka hadi kwenye pikipiki kama mtu anayepeleka mtoto shule.

Josué alinihesabu ndege, akaketi, akanywa uji wote. Sijawahi kufaulu mtihani ukanifurahisha vile.

Saa tatu akaja shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa ule. Alikuwa amepata taarifa kwamba kuna mwanaume amevaa nguo ya mwanamke kwenye nyumba ya mwanamke asiye na mume. Aliomba kitambulisho, nikampa kadi ya kazi. Aliilinganisha picha na mimi, hasa tai. Aliniuliza ninafanya kazi gani pale. Nikamjibu kwamba ninapumzisha mtu. Akauliza mtu huyo yuko wapi, nikamwambia Vitshumbi, naye akaandika. Bahati mbaya alikuwa amekanyaga mstari wa mawe. Josué alikuja, akamshika mguu, akauhamisha hadi mahali alipoona unafaa, kati ya jiwe la wastani na kubwa. Kila shefu alipotaka kuondoka mtoto alipiga yowe na kumrudisha. Alisimama pale karibu saa nzima, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alianza kuniambia habari za mtoto wa dada yake huko Rutshuru, ambaye wanamfungia ndani wageni wakija. Nilimwambia amlete kituoni. Alimleta, na mtoto huyo mnaye hadi leo.

Kwenye fishi yetu kulikuwa na swali: je, unahisi uchovu, moja hadi tano? Nimeliuliza kwa miaka mingi. Siku ile, saa sita mchana, nilitamani kumjua aliyeliandika ili nimwalike Lac Vert. Sikuwa nimebeba mzigo wala kulima, nilikuwa nimekaa tu uani na mtoto mtulivu anayepanga mawe. Lakini sikuweza kutazama kando, maana barabara ilikuwa pale na magari yanapita. Sikuweza kwenda chooni, maana ndege wakipotea nyuma ya mlango anapiga yowe. Nilikwenda hatimaye, nikaacha pindo la kitenge limening'inia nje ya mlango ili alione, naye akalishika muda wote. Nilipokuwa mle ndani nilifikiria kwamba mama huyu amefanya hivi miaka kumi, na mimi nilimkatia alama kwa kutokwenda kwenye bustani. Nililia kidogo. Josué akavuta pindo kuniuliza kama nimemaliza.

Siku ya pili jioni Mama Josué hakurudi. Tukasema ni barabara, maana barabara ile inafungwa na kufunguliwa bila kuuliza mtu. Siku ya tatu watu walifika kutoka upande ule wakasema njia ni nzima. Simu haikupita. Jioni hiyo kamati ilikuja uani, wakaketi kwenye mawe yasiyo ya mstari, na neno likatoka kidogokidogo hadi likasemwa wazi: amekimbia. Mbona akina baba wanakimbia kila siku? Mmoja akaanza kuuliza kituo cha watawa kiko wapi kinachopokea watoto wakubwa. Nami, niseme kweli, niliamini. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani barua ya kumwombea Josué nafasi.

Papa Grâce alikuwa amefika kunipokea zamu, kitenge kimemkaa kiunoni juu ya suruali ya kazi. Alisimama katikati yetu, akasema polepole, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha.

“Mi siwezi kuhukumu mama wa batu. Kila safari nikitoka na lori, nafikaka pa kona ya Sake najiuliza kama nitarudi. Kila safari. Grâce hajui, mama yake hajui.” Akafunga fundo la kitenge upya. “Kama hajarudi, mi nitavaa hii kitu mupaka itachanika. Mutu asitafute watawa.”

 Josué alimhesabu ndege, akampa kikombe.

Mama Josué alirudi siku ya nne, saa kumi jioni, nikiwa zamu. Alishuka kwenye pikipiki na kikapu cha samaki wa chumvi, amevaa kitenge chekundu nisichokijua. Josué alisimama kati yetu. Alitazama uso wa mama yake, akatazama ndege zangu, akatazama tena uso. Kisha akanijia mimi, akafungua fundo, akakivuta kitenge chote hadi nikazunguka, akampelekea mwenyewe. Avenyu nzima iliniona nikibaki na tai na suruali. Mama yake alijifunga hapo hapo njiani, juu ya kile chekundu, na mtoto akaweka kichwa tumboni kwake akakaa hivyo hadi mwenye pikipiki alipoondoka.

Sikumuuliza kitu. Nilileta beseni, tukaanza kuosha samaki kutoa chumvi, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mama yule wa Vitshumbi alikufa kabla ya mvua za mwaka ule, na hawakuonana tena, kwa hiyo nayaandika aliyoniambia Mama Josué kama nilivyoyasikia. Beseni lilipofika nusu nilimwuliza nini kilimchelewesha.

Aliniambia alifika salama, saa tisa mchana. Mama yake alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. Aliketi ukingoni ili amsalimie, akamshika mkono, na kabla hajamaliza kuuliza habari akalala. Alilala mchana ule, na usiku wake, na kesho yake yote hadi jua likazama. Dada zake walimtikisa, wakammwagia maji usoni, wakasema huyu amesafiri kutoka Goma kuja kulala kwa mgonjwa. Majirani walikuja kumwona yeye wakidhani ndiye anayeumwa. Na mgonjwa mwenyewe, ambaye alikuwa hajasimama kwa miezi miwili, alishuka kitandani akamwachia chote. Akaketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake, akashika kipande cha karatoni, akawa anamfukuzia nzi.

Alipoamka zamu yake ilikuwa imekwisha, na hakuwa amemwona mama yake bado. Ndipo alipochukua siku nyingine, ambayo haikuwa ya kwake, wakaongea hadi wakachoka. Aliniomba msamaha kwa siku hiyo. Alisema dada zake hawajamsamehe, walitaka hadi mwisho aamshwe.

Nikamwuliza mama yao aliwajibu nini.

Aliweka samaki chini. “Aliwaambia hivi: ‘Mumuache alale. Kule Goma yeye ni mama. Hapa ni mutoto wangu.’”

Niliosha samaki waliobaki hadi mwisho, na sikuuliza swali jingine.